Nani Atakubali Kuwa wa Kwanza? Maswali Kuhusu Mahusiano ya Kampuni na Ubunifu Katika Mafuta ya Baharini

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uhandisi, wazabuni, waandishi wa habari na watu wanaofuatilia gesi yetu ya kusini mwa Tanzania wakishangaa mbona mambo hayaendi. Mifano mingi inatoka Bahari ya Kaskazini, Brazil na Ghuba ya Mexico, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikokomaa. Kwetu tutafika mbele kidogo.

Ubunifu si kazi ya wahandisi? Mahusiano ya kampuni yanaingia wapi?

Wahandisi wazuri wapo wengi. Anayeadimika ni mtu wa kukubali kifaa ambacho hakijawahi kufanya kazi popote kishushwe mita 1,500 chini ya maji, kwenye kisima chake, kwa pesa yake. Kisima kimoja cha bahari ya kina kirefu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na kuvuka milioni 100 si ajabu. Kifaa kikigoma huko chini hakuna fundi wa kumtuma na spana. Inaitwa meli maalumu yenye roboti, unasubiri bahari itulie, na kila siku ya kusubiri ina bili yake.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza kama kifaa ni kizuri, watu wa kazi hii huuliza: kikifeli, hasara ni ya nani? Jibu limo ndani ya mikataba kati ya kampuni na kampuni, na kwa maoni yangu mikataba hiyo imeua mawazo mazuri mengi kuliko fizikia ilivyowahi kuyaua.

Nani ni nani katika kazi hii?

Kitalu kimoja, yaani eneo la bahari lililotolewa leseni ya kutafuta mafuta au gesi, huwa na wenyewe kadhaa. Mmoja ni mwendeshaji, anayesimamia kazi za kila siku. Wengine ni wabia: wanachangia gharama kwa kadiri ya hisa zao, wanapiga kura kwenye kamati na kugawana mapato. Chini yao kuna mwenye mtambo wa kuchimba, kampuni za huduma za visima kama SLB (zamani Schlumberger) na Halliburton, watengenezaji wa mitambo ya sakafu ya bahari kama TechnipFMC na OneSubsea, na wenye meli za kulaza mabomba. Juu yao wote ipo serikali, inayotoa leseni na wakati mwingine inaingia kama mbia kupitia shirika lake.

Jambo ambalo wageni wa sekta hulikosa ni kwamba wabia wa kitalu hiki ni washindani kwenye kitalu cha jirani. Asubuhi wanakaa kamati moja, mchana kila mmoja anaandika zabuni ya siri ya kumshinda mwenzake.

Kwa nini kila kampuni inataka kuwa ya pili?

Wa kwanza hulipia makosa, wa pili hununua kilichokwisha kunyooshwa. Mtengenezaji naye anakwama, kwa kuwa mteja anamuuliza "kimewahi kutumika wapi?" na hawezi kujibu hadi apatikane mteja asiyeuliza swali hilo.

Tazama kompresa za gesi za sakafu ya bahari. Gesi inapopungua nguvu mwambani inahitaji kusukumwa, na kwa miaka mingi kompresa zilikaa juu ya jukwaa la baharini. Kwa ajili ya eneo la Ormen Lange huko Norway, ambalo mwendeshaji wake ni Shell, kampuni ya Aker Solutions ilitengeneza mtambo wa majaribio ukazamishwa kwenye bwawa la maji pale Nyhamna, nchi kavu. Jaribio lilikwenda, lakini mwaka 2014 wabia waliahirisha mradi. Waliofika kwanza ni eneo jingine kabisa: Åsgard, la Statoil, kampuni ya mafuta ya Norway, ambako kompresa za sakafu ya bahari zilianza kazi Septemba 2015, za kwanza duniani za aina yake. Mtengenezaji alikuwa yuleyule Aker, na Statoil ilikuwa mbia kule Ormen Lange. Ujuzi uliolipiwa kwenye leseni moja ulivunwa kwenye leseni nyingine, na waliouhamisha ni kampuni mbili zilizokuwa na mguu kila upande. Ukisoma habari za mafanikio hayo utaambiwa ni ushindi wa uhandisi. Sawa, lakini ukitazama nani alikuwa ameshika hisa wapi, utaelewa kwa nini ushindi ulitokea Åsgard.

Washindani wanawezaje kufanya utafiti pamoja bila kuibiana?

Wanachagua tatizo linalowaumiza wote na ambalo hakuna atakayepata leseni mpya kwa kulitatua peke yake. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtiririko mchanganyiko.

Zamani mafuta, gesi na maji vikitoka kisimani vilitenganishwa palepale kwenye jukwaa, kisha kila kimoja kikapita njia yake. Jukwaa ni ghali. Ukiweza kuvipitisha vyote pamoja ndani ya bomba moja hadi nchi kavu, jukwaa halihitajiki. Tatizo ni kwamba bomba la sakafu ya bahari lina mabonde na vilima. Kimiminika hutulia bondeni na kuziba njia, gesi hujikusanya nyuma yake, shinikizo linapanda, halafu ghafla donge zima la kimiminika linafyatuka na kugonga mtambo wa kupokelea. Donge la namna hiyo linaweza kuwa refu mamia ya mita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa taasisi ya IFE pale Kjeller, Norway, ambao asili yao ni utafiti wa nyuklia na kwa hiyo walikwisha kuhangaika na mvuke na maji ndani ya mitambo ya nyuklia, waliandika programu ya kompyuta ya kukokotoa mwenendo huo. Waliipa jina OLGA. Lakini programu bila vipimo halisi ni makisio tu. Vipimo vilitoka Tiller, nje kidogo ya Trondheim, ambako taasisi ya SINTEF ilipata maabara yenye bomba la takriban kilomita 1 na mnara wa zaidi ya mita 50, ili donge la kimiminika lionekane likipanda kama linavyopanda kutoka sakafu ya bahari. Esso, kampuni ya Kimarekani, ilitoa pesa ya kuanzisha maabara hiyo. Kisha kundi la kampuni, zikiwemo Statoil, Esso, Norsk Hydro na Saga, zikagharamia mradi wa pamoja wa kuoanisha vipimo vya Tiller na hesabu za Kjeller.

Matunda yake ni makubwa. Mwaka 2007 Snøhvit, eneo jingine la gesi la Norway, ilianza kuleta gesi hadi kiwanda cha Melkøya kupitia bomba la kilomita 143 bila jukwaa hata moja baharini, na mwaka huohuo Ormen Lange ikafanya hivyo kwa umbali wa kilomita 120 hivi. OLGA yenyewe ikawa bidhaa ya kuuzwa dunia nzima, na mwaka 2012 kampuni iliyokuwa ikiiuza ikanunuliwa na Schlumberger.

Esso ilipata nini kwa kujenga maabara Norway? Si wangefanyia kwao Marekani?

Wangefanyia, kama wangeachwa. Kuanzia mzunguko wa nne wa leseni, mwaka 1979, Norway iliziambia kampuni za kigeni kwamba mwenye kufanya utafiti wake ndani ya Norway atatazamwa kwa jicho jema wakati wa kugawa vitalu. Mikataba iliyofuata iliweka lengo la angalau nusu ya utafiti unaohitajika kwa eneo fulani kufanyika nchini humo. Hapakuwa na faini ya kutisha. Palikuwa na foleni ya vitalu, na kila kampuni ilijua nani anaandika majina.

Naona hapo ndipo Norway ilipocheza vizuri. Serikali haikuchagua teknolojia. Ilichagua nani akae meza moja na nani, hata ikawa inapanga yenyewe makundi ya wabia ndani ya leseni, kampuni ya nyumbani ikikaa ubavuni mwa ya kigeni ili ijifunze.

Mkataba wa malipo kwa siku una ubaya gani?

Ukimlipa fundi wa nyumba kwa siku, ukuta hauishi. Mitambo ya kuchimba hukodishwa kwa siku, na ile mikubwa ya kina kirefu ilifikia karibu dola 500,000 kwa siku wakati bei ya mafuta ilipokuwa juu. Sasa mletee mwenye mtambo kifaa kinachopunguza uchimbaji kutoka siku 60 hadi 45. Umemletea habari ya kupoteza mapato ya siku 15. Atakisifu sana kifaa chako, kisha ataona mapungufu ya kiusalama yanayohitaji uchunguzi zaidi.

Aker BP, kampuni ya mafuta ya Norway, ilijaribu kutibu ugonjwa huo. Mwaka 2017 iliunda ushirika wa uchimbaji na Maersk Drilling na Halliburton ambao malipo yake yanafungamana na matokeo ya pamoja: kisima kikiisha mapema, wote wanapata ziada. Hapo kifaa cha kupunguza siku kinapata marafiki.

Je, kuna ushahidi kwamba kugawana faida na hasara kunaleta ubunifu?

Mfano wa darasani ni eneo la Andrew, upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini. BP iliyajua mafuta hayo tangu 1974 na ikayaacha kwa sababu hesabu haikulipa. Miaka ya mwanzo ya 1990 sekta nzima ya Uingereza ilikuwa kwenye kampeni ya CRINE, ambayo shabaha yake ilikuwa kupunguza gharama kwa asilimia 30, na BP ikaamua kujaribu kitu. Iliwaita makandarasi saba, ikaweka hesabu zote wazi, wakakubaliana gharama lengwa ya pauni milioni 373. Ikizidi, kila mmoja anaumia kwa fungu lake. Ikipungua, kila mmoja anakula kwa fungu lake.

Mafuta ya kwanza yalitoka Juni 1996, miezi sita kabla ya ratiba, na gharama iliishia karibu pauni milioni 290. Wala hakuna mashine ya ajabu iliyogunduliwa. Ubunifu ulikuwa wa kuunganisha: sehemu kubwa ya jukwaa ilikamilishwa na kujaribiwa ikiwa bado nchi kavu, badala ya kupeleka mafundi mamia baharini kumalizia. Mkandarasi wa ujenzi na mkandarasi wa usimikaji walikuwa na sababu ya kusikilizana, maana saa moja ya kazi baharini ilikuwa inakula mfuko wa wote wawili.

Walioiga ni wengi. Wengi wao walichukua jina la ushirika, nembo, kofia za rangi moja na semina za hotelini, huku mkataba chini yake ukibaki uleule wa kumbana mkandarasi.

Brazil waliwezaje kuwa mabingwa wa kina kirefu?

Walilazimika. Maeneo makubwa ya mafuta ya Petrobras, shirika la mafuta la Brazil, kama Marlim lililogunduliwa 1985, yalikuwa kwenye maji yenye kina ambacho hakuna aliyekuwa na vifaa vya kukifikia. Mwaka 1986 shirika likaanzisha programu ya PROCAP kwa lengo la kuzalisha kwenye maji ya mita 1,000. Petrobras wakati huo ilikuwa na ukiritimba, uliokomeshwa kisheria 1997, kwa hiyo kwa msambazaji ilikuwa mteja mmoja tu mkubwa, anayenunua kwa wingi na anayekubali kujaribu vitu kwenye visima vyake mwenyewe. Ile shida ya "nani wa kwanza" ilikwisha: wa kwanza alijulikana.

Kituo chake cha utafiti, CENPES, kiko kisiwa cha Fundão jijini Rio de Janeiro, pamoja na chuo kikuu cha shirikisho. Baadaye kampuni kama Schlumberger, Baker Hughes na FMC zikajenga vituo vyao vya utafiti hapohapo. Mikataba ya tangu 1998 inazitaka kampuni zenye maeneo makubwa zitenge asilimia 1 ya mapato ghafi kwa utafiti.

Ukaribu huo una upande wa pili. Uchunguzi wa Lava Jato, ulioanza 2014, ulifichua kundi la makandarasi waliokuwa wakigawana zabuni za Petrobras na kulipa hongo. Kujuana kunakorahisisha majaribio ndiko kunakorahisisha pia kupanga bei.

Hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, inabaki kwa nani?

Kwa kawaida kila mmoja anabaki na ujuzi aliokuja nao, na vita ni juu ya kile kilichozaliwa ndani ya mradi. Mwendeshaji akidai umiliki wote, msambazaji mwerevu ataleta wazo lake la pili kwa ubora na la kwanza atalificha kabatini. Msambazaji akichukua umiliki, mwendeshaji atauliza kwa nini alipie kifaa ambacho kesho jirani yake atakinunua dukani. Suluhu ya kawaida ni msambazaji kumiliki na wafadhili kupata bei nafuu au muda wa kutumia kabla ya wengine.

Mwaka 1998 Shell na Halliburton walipita njia nyingine: walianzisha kampuni ya pamoja, Enventure, kuuza teknolojia ya mabomba ya kisima yanayopanuliwa yakiwa chini ya ardhi. Ilifanya kazi. Lakini fikiria kichwa cha mshindani wa Shell anayetakiwa kununua, huku akijua sehemu ya faida inakwenda kwa Shell.

Bei ya mafuta ikianguka, ubunifu unakufa?

Inategemea mwendeshaji anapiga simu ya kwanza kwa wasambazaji kudai nini. Baada ya bei kuporomoka kuanzia katikati ya 2014, waendeshaji wengi waliwapigia wasambazaji kudai punguzo la bei. Wasambazaji wakapunguza, na pesa ya kwanza kukatwa ilikuwa ya utafiti. Upande mwingine, mradi wa mafuta wa Johan Castberg, bahari ya Barents huko Norway, ulichorwa upya: gharama zilishuka kutoka takriban kroni bilioni 100 hadi 49 hivi katika mpango wa 2017, na bei inayohitajika ili mradi ulipe ikashuka kutoka zaidi ya dola 80 kwa pipa hadi chini ya 35. Sehemu ya mafanikio hayo ni soko lililolegea, tusidanganyane. Sehemu nyingine ni wasambazaji kuitwa mapema, kabla michoro haijagandishwa.

Macondo ilitufundisha nini kuhusu mahusiano haya?

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa. Kisima kilikuwa cha BP yenye asilimia 65, Anadarko 25 na MOEX 10. Mtambo ulikuwa wa Transocean, saruji ilikuwa ya Halliburton, kizuia mlipuko kilitengenezwa na Cameron. Kazi ilikuwa zaidi ya siku 40 nyuma ya ratiba. Jaribio la mwisho la shinikizo lilionyesha dalili mbaya, na watu wa kampuni mbili tofauti wakakubaliana kuisoma dalili hiyo kama nzuri. Tume ya Rais wa Marekani ililaumu usimamizi na mawasiliano kati ya kampuni hizo kuliko kifaa kimoja chochote.

Kwa mada yetu, kinachovutia zaidi ni kilichofuata. Mafuta yalimwagika kwa siku 87 kwa sababu hapakuwa na kifuniko cha dharura kilichokuwa tayari. Si kwamba kilikuwa kigumu kubuniwa. Hakuna kampuni iliyokuwa na sababu ya kulipia peke yake kitu ambacho inatumaini haitakitumia. Julai 2010, kisima kikiwa bado habari ya kila siku, ExxonMobil, Chevron, ConocoPhillips na Shell walitangaza kuchanga dola bilioni 1 kwa mfumo wa pamoja wa kufunga visima. Kundi jingine la kampuni tisa lilitengeneza vifuniko ambavyo OSRL, kampuni ya kukabiliana na umwagikaji inayomilikiwa na kampuni za mafuta zenyewe, inavihifadhi Norway, Brazil, Singapore na Saldanha Bay, Afrika Kusini. Hicho cha Saldanha ndicho kilicho karibu na pwani yetu.

Haya yote yanatuhusu nini Tanzania na Msumbiji?

Sana. Mwaka 2012 Statoil, sasa Equinor, na mbia wake ExxonMobil waligundua gesi ya Zafarani kitalu namba 2, kwenye maji ya zaidi ya mita 2,500. Vitalu namba 1 na 4 vilikuwa vya BG, kampuni ya Uingereza, na wabia wake, na vikaenda kwa Shell ilipoinunua BG mwaka 2016. Hakuna kundi linaloona raha kujenga kiwanda cha kusindika gesi peke yake, kwa hiyo mpango ni kiwanda kimoja cha pamoja Likong'o, Lindi. Maana yake ni kwamba washindani wawili wakubwa wakubaliane gesi ya nani inaingia lini, nani anaendesha nini, na TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, linakaa wapi, kabla ya kufika kwenye masharti ya serikali. Watu wanalaumu siasa kwa ucheleweshaji, na siasa ina lake, ila makubaliano ya namna hiyo hayawi mepesi hata Norway.

Ng'ambo ya Ruvuma, Eni ilichukua njia fupi: meli ya kusindika gesi ikielea, Coral Sul, iliyojengwa Korea Kusini na kutoa shehena ya kwanza Novemba 2022. Gesi yote ilikwisha kuuzwa kwa BP kwa mkataba wa miaka 20. KOGAS, shirika la gesi la Korea, lilikuwa mbia, meli ilijengwa kwa Samsung, na taasisi za fedha za Korea zikakopesha. Hiyo ilikuwa meli ya kwanza ya aina yake kwa maji ya kina kirefu Afrika, na iliwezekana kwa kuwa mnunuzi, mjenzi na mkopeshaji walikuwa wameshafungwa kwenye fundo moja kabla ya chuma kukatwa.

Mimi ni mzabuni mdogo Mtwara. Kuna nafasi yangu katika ubunifu huu?

Ipo, ila usianzie kwenye kitalu. Mwendeshaji hatakununua wewe moja kwa moja. Atanunua kwa mkandarasi mkuu, na mkandarasi mkuu ndiye anayehangaika kutafuta mchomeleaji mwenye cheti kinachokubalika, mtu wa kupima vyuma, gari lenye rekodi ya matengenezo. Pale chuo cha ufundi cha VETA Mtwara, mafunzo yaliyofadhiliwa na BG yaliwapa vijana vyeti vya City & Guilds kwa sababu hiyohiyo: cheti ambacho msimamizi wa kigeni anakisoma bila kuuliza maswali.

Ukipata kazi ya kwanza, soma kipengele cha hasara kabla ya kipengele cha malipo. Desturi ya sekta ni kila upande kubeba hasara ya watu na vifaa vyake, hata kama kosa ni la mwingine. Mikataba inayoteremka hadi kwa mzabuni wa chini mara nyingi inakuwa imepoteza usawa huo njiani, ikakuachia wewe ubebe na vya kwao. Ukisaini hivyo, hutajaribu njia yoyote mpya ya kufanya kazi, na hakuna atakayekulaumu. Dai kipengele cha usawa kirudishwe. Makandarasi wengi wakubwa hukubali, maana wao wenyewe walikidai kwa mwendeshaji.